Neno Nuru na Shahidi Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa wembe. Karani Mkuu alinionyesha madirisha matatu ya ofisi, yaliyokuwa yamepakwa rangi nyeusi wakati wa vita ili taa za kisiwa zisionekane kutoka baharini, akaniambia, "Vita vimekwisha, na sisi bado twafanya kazi kama tumo ndani ya chungu. Kwangua. Ukimaliza tutajua kama waona."

Nilikwangua tangu asubuhi. Rangi ilikuwa imekauka juu ya vioo, na ilitoka kwa vipande vidogo vilivyoniingia kwenye mikono ya kanzu. Alasiri jua lilipogeukia upande wetu, nikaiona ofisi kwa mara ya kwanza: meza mbili ndefu, na kando ya ukuta masanduku ya chai yamepangwa, kila moja lina herufi iliyoandikwa kwa chaki. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na maneno.

Nikiwaambia vijana kwamba kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya maneno, hucheka, wakadhani natania. Lakini kamusi haitoki kichwani mwa mtu mmoja. Miaka ile ya arubaini, katika ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe, uchochoro mmoja kutoka Ndia Kuu ya Mombasa, tulikuwa watu watano tukitayarisha kamusi ya Kiswahili, na maneno yake tuliyaokota mitaani kwa miguu yetu.

Niliajiriwa kwa sababu ya kuandika polepole. Nilikuwa nimesoma shule ya msingi tu, na mbele ya watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Siku ya mtihani tulikuwa vijana wanane. Tuliambiwa tunakili sentensi moja mara ishirini. Wenzangu walimaliza, wakakunja mikono, mimi niko mstari wa saba. Mkubwa wa ofisi, tuliyemwita Bwana Mhariri, alikuwa Mwingereza aliyesema Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu ashukaye ngazi mbovu. Alizitazama karatasi zote, akarudi kwenye yangu.

"Mstari wa ishirini ni sawa na wa kwanza," alisema.

"Lakini ni mzito huyu, bwana," Karani Mkuu akajibu. "Atatuzeesha."

"Maneno yamengoja miaka yote hii. Yatamngoja na yeye."

Basi nikaingia.

Karani Mkuu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, mwembamba, tarbushi yake imenyooka daima, miwani imekaa nusu ya pua. Baba yake alimsomesha Kiarabu tangu utotoni, na Kiingereza alijifunza mwenyewe. Alinipa bunda la kadi. Kadi zetu tulizikata kutoka fomu za zamani za mgao wa chakula wakati wa vita, maana karatasi ilikuwa haba. Upande mmoja tuliandika neno. Upande wa nyuma palikuwa na mchele na sukari ya watu tusiowajua.

"Sikiza," aliniambia. "Kanuni ya kwanza: usimwulize mtu maana ya neno. Ukimwuliza atakupa maana anayodhani wewe waitaka. Kaa, nyamaza, mpaka aliseme mwenyewe katika mazungumzo yake. Wewe kunyamaza si taabu kwako, naona."

"Naam."

"Kanuni ya pili: andika sentensi nzima, kama ilivyotoka mdomoni. Usiitengeneze. Ya tatu: maana moja yataka mashahidi watatu, wasiokaa nyumba moja wala baraza moja. Shahidi mmoja huenda ana neno la kwao tu, au mzaha wake."

Maana iliyokuwa na shahidi mmoja haikutupwa. Iliwekwa katika sanduku lisilo na herufi, lililokuwa chini ya dirisha. Karani Mkuu aliliita sanduku la mayatima. Yatima akipata jamaa wawili, alipanda akaingia herufini. Asiyepata alibaki pale, na herufi ikishafungwa kwa uzi na kupelekwa kupigwa chapa, ndio basi.

Mwaka wa kwanza nilinakili tu. Mwaka wa pili nilipewa herufi yangu mwenyewe, N. Nilikwenda nyumbani siku ile nikiwa na kiburi ambacho mama yangu alikiona usoni, akaniuliza kama nimeokota kitu. Katika herufi ile lilikuwamo neno nuru.

Nilidhani litakuwa jepesi. Kila mtu alisema nuru. Mkunga mmoja alimwambia jirani yake, "Mtoto huyu ana nuru, angalia paji lake," na hiyo ilikuwa nuru ya uso, ambayo haina uhusiano na weupe wala weusi wa mtu. Mzee mmoja alilalamika kwamba nuru ya macho yake imepungua, hajui tena nani anamwamkia. Nje ya msikiti, baada ya maziko, nilimsikia mtu akimwombea maiti nuru kaburini. Na nuru ya mwezi, na nuru ya jua, hizo niliziokota kila siku. Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa na maana nne, kila moja na mashahidi wake kamili.

Karani Mkuu alipenda kunieleza asili ya maneno akiwa anakunywa kahawa. "Nuru ilikuja kwetu na Kiarabu," aliniambia. "Nuni, wau, ra. Herufi hizo tatu ni kama nyumba yenye watoto wengi. Mtu akipona ugonjwa wamwambia amenawiri. Huyo ni mtoto wa nyumba hiyo. Mnara wa msikiti ni mtoto pia, kwani asili yake ni mahali pa kuwashwa moto, watu waone njia. Munira, Anwari, wote ndugu. Lakini neno mwanga ni letu la tangu na tangu, jamaa yake ni anga na kuangaza."

"Tofauti yake nini?" niliuliza.

"Taa ikizimwa, husema mwanga umezimika. Mtu akiharibikiwa, husema nuru imemwondoka. Umewahi kusikia nuru imezimwa kwa kidole? Mwanga twauwasha sisi. Nuru twapewa."

Niliyaandika maneno hayo pembeni mwa kadi. Akanipiga kwenye vidole kwa rula. "Mimi si shahidi. Mimi ni karani."

Basi ilibaki kusikiliza zaidi, na Karani Mkuu akaniambia niende kwa watu wanaosema sana. Mama yangu alikuwa na rafiki wa tangu usichana wao, Bi Rukia, mjane, aliyekaa katika nyumba ya pili kutoka kona ya mtaa wetu wa Kibokoni. Bi Rukia alisema sana. Kwa kuwa alikuwa kama mama kwangu, niliruhusiwa kukaa dakani, yaani kwenye baraza ya mawe iliyo mlangoni, baada ya sala ya alasiri siku za Jumanne na Alhamisi. Yeye alikaa ndani, nyuma ya pazia, akasema nami na kusema na kila apitaye njiani. Kwamba naandika maneno alijua; neno ninalolingoja hakujua. Hiyo pia ilikuwa kanuni.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na binti wa kaka yake, aliyekuja kukaa naye baada ya kufiwa na mama. Jina lake sikulijua. Kwetu jina la msichana aliye ndani halitajwi mbele ya mwanamume wa nje, na mimi nisingeuliza. Bi Rukia alimwita Mwana. Alikuwa mshonaji wa kofia.

Wengi siku hizi wanavaa kofia zilizoshonwa kwa cherehani, kwa hiyo nieleze. Kofia ya mkono ina mamia ya vitundu. Mchoraji huchora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa cheupe. Kisha mwanamke nyumbani kwake hutoboa kila kitundu kwa sindano nene, akakizungushia uzi mpaka ukingo wake ukawa mgumu. Kofia moja huchukua miezi. Mshonaji hukaa karibu na dirisha, na kila baada ya muda huinua kitambaa kukitazama dhidi ya jua.

Alhamisi moja nilikuwa dakani, Bi Rukia amenyamaza kidogo, jambo lililotokea mara chache. Nikasikia sauti ya ndani zaidi ikisema, "Shangazi, leo nimetia nuru thalathini."

"Thalathini tangu asubuhi?" Bi Rukia akajibu. "Wewe washona au waota?"

Penseli ilinianguka. Nuru thalathini. Katika kadi zangu zote hapakuwa na mtu aliyehesabu nuru. Nilielewa baadaye kidogo, waliposema zaidi, kwamba katika nyumba ile kila kitundu cha kofia kiliitwa nuru, kwa sababu ya ule mwanga unaopita ukikiinua dirishani. Kitundu kisichokamilika kilikuwa kitundu tu. Kikishazungushiwa uzi na jua likapita, kikawa nuru.

Asubuhi yake niliiweka kadi mbele ya Karani Mkuu. Aliisoma mara mbili.

"Nuru thalathini? Jua lina nuru ngapi basi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nani?"

"Mshonaji wa kofia. Kibokoni."

"Umemwona?"

"Nimemsikia."

"Aa." Alinitazama juu ya miwani. "Na sauti nayo uliandika, au uliiacha huko?"

Makarani wenzangu walikohoa kwa pamoja.

"Mayatima," alisema, akanirudishia kadi.

Kuanzia hapo ilikuwa kama nimeachiwa mtoto mkononi. Jumanne iliyofuata niliposalimu dakani, ile sauti ikasema, "Shangazi, mwulize karani wa maneno kama na nuru zetu zimo bukuni."

Ndivyo tulivyozungumza siku zote. Yeye alimwambia shangazi yake, na mimi nilimjibu shangazi yake, ijapokuwa kati yetu palikuwa na pazia tu na hatua tatu. Tulisikiana sote. Hata hivyo Bi Rukia alirudia kila neno, kwa heshima, na pengine kwa furaha yake.

"Yuwauliza nuru zetu zimo bukuni?"

"Mwambie bado, Bi. Zina shahidi mmoja. Zataka watatu."

"Zataka watatu, yuwasema."

"Shangazi, mwulize, shahidi mmoja mkweli hatoshi?"

"Mwambie kwangu mimi atosha," nilisema, na masikio yakanichoma. "Ofisini ndio hawatosheki."

Kisha sauti ikasema, "Basi atafute. Ana miguu." Bi Rukia akacheka mpaka akakohoa.

Nilitafuta. Herufi N ilikuwa ifungwe kabla ya mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani ilikuwa miezi minne mbele. Nilitembea kisiwa kizima, kutoka Mji wa Kale mpaka Ganjoni, nikikaa karibu na kila mahali paliposhonwa, palipochorwa au palipouzwa kofia. Wengine walisema vitundu. Wengine vitobo. Nyumba moja walisema macho. Hakuna aliyesema nuru. Nilikuwa nalala na neno lile, naamka nalo. Nilijua kwamba buku litakapotoka litasomwa na watu wa mbali wasiojua Kibokoni iko wapi, nami nilitaka humo ndani kuwe na mstari mmoja utokao nyuma ya pazia lile. Hilo lilikuwa jambo pekee nililoweza kumfanyia. La pili lingekuwa kumwambia mama yangu aende kwa Bi Rukia na posa, na hilo niliogopa kulisema hata peke yangu.

Kosa langu lilitokea kwa Fundi Abdalla. Huyu alikuwa mfua kofia karibu na soko la samaki. Alizifua, akazitia wanga, akazivisha kwenye magogo ya mviringo zikauke na umbo lake. Nilimpelekea kofia yangu ya Ijumaa, nikamwambia, "Fundi, angalia wanga usizibe nuru."

"Nuru gani?"

"Vitundu hivi."

"Ahaa," alisema, akaendelea kukamua.

Sikulifikiria tena. Nilikuwa nimelisema neno lile moyoni siku nyingi mno, likawa langu kama jina la mtaa.

Baada ya mwezi na zaidi nilipita pale, nikamsikia Fundi Abdalla akimgombeza mteja. "Bwana wee, nani alikwambia upige pasi kofia? Nuru zote zimezibana!" Nilisimama nyuma ya mlango wa jirani nikaandika. Wiki ileile, mtaa wa Kuze, mchoraji wa nakshi za kofia alikuwa akimwonyesha mtu kitambaa: "Hii ina nuru nyingi. Mshonaji hamalizi kabla ya miezi mitatu." Nikaandika hiyo pia. Kisha nikakimbia. Watu wa Ndia Kuu waliniona nakimbia, mimi ambaye sikuwahi kukimbia hata kwa mvua.

Karani Mkuu aliinama mwenyewe chini ya dirisha, akaitafuta kadi ya kwanza katika sanduku la mayatima. Akaiweka juu, zile mbili chini yake, akazifunga kwa uzi. "Leo yatima amepata jamaa," alisema. Bwana Mhariri alitoka chumbani kwake, akasoma, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi kubwa: maana ya tano.

Alasiri ile nilifika dakani kabla hata jasho halijakauka.

"Bi Rukia, mwambie Mwana nuru zake zimeingia."

Bi Rukia hakupata nafasi ya kurudia. Nilisikia kicheko kidogo, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kitambaa. Kisha ile sauti ikasema taratibu, "Shangazi, mwambie basi mimi nimo bukuni, na jina langu halimo. Ni vizuri hivyo."

Nilitembea nyumbani siku ile kama mtu aliyepewa nyumba. Nikasema moyoni: nikishaifunga herufi, nitamwambia mama.

Siku nane baadaye nilikwenda kwa Fundi Abdalla kuchukua kofia yangu, niliyokuwa nimeipeleka tena kufuliwa. Palikuwa na mzee mmoja ameketi akingoja yake.

"Nuru ndiyo nini?" yule mzee alikuwa akiuliza.

"Ni hivi vitundu," Fundi akamjibu. "Lakini siku hizi twasema nuru. Neno tamu, lafanya kofia ionekane ghali. Huyu hapa karani ndiye aliyetuletea. Na yule mchoraji wa Kuze nimemfundisha mimi." Akanigeukia, amefurahi. "Au siyo, karani?"

Nilisema ndiyo. Niliichukua kofia yangu, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nyumba isiyo yangu.

Watu wa kazi nyingine hawatalielewa kosa lile. Mtu hakuiba kitu, hakumdhulumu mtu, hakuandika neno lisilosemwa. Sentensi zote tatu zilisemwa kweli. Lakini mashahidi wawili nilikuwa nimewapanda mwenyewe, kisha nikaenda kuvuna, nikajisifu kwa mavuno. Zilibaki siku nne kabla herufi N haijafungwa. Mfua kofia asingesoma kamusi maisha yake yote. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Siku mbili nilinakili bila kuinua kichwa. Siku ya tatu nilisimama mbele ya meza ya Karani Mkuu, nikamweleza yote, nikianza na wanga.

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ulikwenda kusikiliza," alisema, "ukasikia sauti yako mwenyewe."

Bwana Mhariri alikuwa mlangoni, amesikia. "Lakini sasa mfua kofia analisema," alisema. "Na mchoraji analisema. Limetoka mdomo mmoja likaenda mwingine. Nuru yenyewe ilifikaje Mombasa kama si hivyo? Kuna mtu alilileta, akaliacha, watu wakalipenda."

"Ni kweli, bwana," Karani Mkuu akajibu. "Ila aliyelileta hakuwa amekaa kando na kadi mkononi. Sisi hatukuajiriwa kuyazaa maneno. Tuliajiriwa kuyaandika yaliyozaliwa."

Wakatazamana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na haki upande wake. Kisha Karani Mkuu akanigeukia. "Herufi ni yako. Wasemaje?"

Nilidhani ataniamulia. Alikuwa amenyamaza, kwa namna aliyonifundisha mimi kunyamaza.

"Irudi kwa mayatima," nilisema.

Bwana Mhariri alichukua kalamu, akaikata maana ya tano kwa mstari. Zile kadi mbili niliandika juu yake, kwa mwandiko wangu wa polepole: zimetoka kwa karani. Kadi ya kwanza nikairudisha chini ya dirisha. Karani Mkuu aliweka mkono begani kwangu, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akauondoa. Hakuwahi kufanya hivyo kabla wala baadaye.

Ilikuwa lazima nimwambie Mwana. Nilimwambia zimeingia, na sasa zimetoka. Alhamisi nilikwenda Kibokoni nikiwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilikuta dakani viatu vingi vya wanawake, na ndani sauti nyingi na harufu ya udi. Bi Rukia alikuja nyuma ya pazia akitweta.

"Karibu, mwanangu, lakini leo hapakaliki. Mwana yuwaolewa Jumapili. Watu wa Malindi walileta posa mwezi uliopita, na kaka yangu amekubali. Hukuambiwa na mama yako?"

Mama yangu hakuniambia kwa sababu hakujua kwamba ni habari yangu.

"Ni jambo la heri, Bi," nilisema. "Mungu awajaalie."

"Amin. Ulikuwa na neno?"

Nilikuwa nayo mawili. Moja la kwamba nuru zake hazimo bukuni. La pili lilikuwa limechelewa. "Hapana, Bi. Nilipita tu."

"Basi ngoja." Alirudi ndani, kisha mkono wake ukatokea ubavuni mwa pazia umeshika kofia nyeupe. "Alikusudia kuimaliza kabla ya kwenda, hakuwahi. Akasema apewe karani wa maneno, yeye hana haraka, hatajali. Zimebaki nuru sita, hapa nyuma."

Hata pale, mkono unapokea kofia, kichwa changu cha kazi kilisema: Bi Rukia naye amesema nuru, lakini ni nyumba moja, hahesabiwi.

Mimi na ile sauti hatukusikiana tena.

Kazi yetu iliendelea miaka miwili mingine. Bwana Mhariri alihamishwa, ofisi ikafungwa, masanduku yenye herufi yakapakiwa. Sanduku la mayatima halikuwa kwenye orodha. Karani Mkuu aliniambia nichome zilizomo uani, nami nikazichoma zote isipokuwa moja. Nadhani aliniona. Alikuwa amegeuka kutazama dirisha, mojawapo ya yale niliyoyakwangua.

Baada ya hapo nilikuwa karani wa ghala Shimanzi, nikiandika alama za magunia. Msimamizi wa Ghala alinipigia kelele kila siku, "Andika, meli haikungoji wewe!" na kwa kweli haikuningoja. Nilihamishwa mara mbili kwa uzito wa mkono. Mwisho nikaangukia katika kiwanda kidogo cha chapa, kusahihisha karatasi kabla hazijapigwa, na huko nikadumu mpaka nilipostaafu, maana kazi ile hupenda mtu mzito. Nilioa, nikazaa, nimeona wajukuu. Sina lawama na maisha.

Kamusi ilipotoka niliishika kwanza dukani, nimesimama. Nilifungua N. Nuru: maana nne. Chini yake, neno jingine. Nafasi kati ya mistari hiyo ni nyembamba, ukucha hauingii, lakini mimi nimeitazama mara nyingi kuliko kurasa zote. Nilikuwa nikijiuliza kama Malindi kuna mtu aliyeletewa buku lile, akaambiwa amsomee shangazi au mama yake neno nuru, na yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akangoja. Karibu miaka yote ya kazi yangu nimeishi na kungoja kule.

Kofia naivaa sikukuu tu. Imepungua weupe, lakini uzi wake haujakatika hata mmoja. Idd iliyopita nilikuwa Feri, nangoja kuvuka kwenda Likoni kwa binti yangu. Kijana mmoja alikuwa akipita na kofia za kuuza, amezipanga mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alinipita, akasimama, akarudi nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sinunui."

"Sikuuzii. Naitazama hii yako. Hii ni ya mkono, siku hizi hazionekani." Alisogea karibu, nikajua anahesabu. "Lakini mzee, fundi wako hakumaliza. Hapa nyuma zimebaki nuru sita."

Watu walianza kusukumana kuelekea kwenye kivuko. Mimi sikuondoka.

"Nina sindano," alisema. "Nikumalizie? Ni dakika chache tu."

"Ziache hivyo hivyo," nilisema.

"Zinaharibu nakshi, mzee."

"Najua. Ziache."

Alicheka, akanitakia Idd njema, akaendelea na biashara yake. Kanuni ya kwanza ilinikataza kumwuliza maana. Haikunikataza kumwuliza amelitoa wapi neno lile, na midomo yangu ilifunguka kwa swali hilo, nikaifunga. Huenda alilipata Kuze, kwa waliolipata kwa mchoraji, aliyelipata kwa Fundi Abdalla, aliyelipata kwangu. Huenda nyumbani kwao ni Malindi. Kama ni Malindi, basi yeye ni shahidi wa pili. Kama ni Kuze, neno limetoka kwangu, na mimi nililipokea dakani Alhamisi moja, penseli ikaanguka.

Niliketi kwenye ukuta mdogo wa pale Feri, nikatoa kipande cha karatasi. Niliandika polepole, kwa mwandiko uleule: NURU. Kitundu kilichokamilika katika nakshi ya kofia. "Hapa nyuma zimebaki nuru sita." Nikaandika mahali, na kazi ya msemaji. Nilipofika kwenye idadi ya mashahidi, niliacha pale wazi, nikaikunja karatasi, nikavuka.